Chuo cha ufundi hupimwa karakanani: kwa nini ubora haupandi kwa kasi ya majengo

Mzazi anapomtafutia kijana nafasi katika chuo cha mafunzo ya ufundi huuliza mambo mawili: karo ni pesa ngapi, na kozi inachukua muda gani. Ni maswali ya haki, kwa sababu mara nyingi pesa hizo zimetokana na kuuza mbuzi au kuomba mkopo kwa chama. Lakini swali linaloamua kama kijana atatoka pale akiwa fundi haliulizwi mara nyingi. Swali hilo ni hili: kwa wiki moja, atashika kifaa kwa saa ngapi?

Chukua darasa la ushonaji lenye wanafunzi 20 na cherehani 2 zinazofanya kazi. Kipindi cha vitendo ni saa nne, yaani dakika 240. Kwa cherehani mbili, darasa lina dakika 480 za kushona. Zigawe kwa wanafunzi 20 na kila mmoja anapata dakika 24. Ondoa muda wa kuingiza uzi, kupokezana viti na kurekebisha cherehani iliyokwama, na msichana aliyetoka nyumbani alfajiri anarudi jioni akiwa ameshona kwa robo saa hivi. Chuo kingine chenye wanafunzi hao hao 20 lakini cherehani 10 kinampa kila mmoja saa mbili. Wakiwa na vipindi vitano kwa wiki kwa muhula wa wiki 12, mwanafunzi wa chuo cha kwanza atakuwa ameshona kwa saa 24, na wa chuo cha pili saa 120. Mtaala ni mmoja, karo huenda ni moja, na siku ya kufuzu picha zitafanana. Mteja atakayeleta kitambaa cha sare ya shule ndiye atakayeona tofauti.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha suala la ubora katika vyuo hivi. Mengine yote yanayotajwa katika mikutano, kuanzia mitaala mipya hadi leseni, ukaguzi na vyeti, yana maana pale tu yanapoongeza muda ambao mwanafunzi anafanya kazi yenyewe mbele ya mtu anayeijua.

Nani anasimamia nini

Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti vina historia ndefu. Vilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kama shughuli ya kujitegemea ya makanisa na wanavijiji, baada ya baraza la makanisa nchini kuuliza mwaka 1966 ni nini hatima ya watoto wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea. Wazo lilikuwa rahisi: banda, fundi mmoja wa kijiji, vifaa vichache, na ufundi ambao watu wa hapo hapo wangeulipia. Serikali iliviingilia baadaye, vikaitwa polytechnic za vijijini, kisha za vijana, na sasa ni vyuo vya mafunzo ya ufundi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliviweka chini ya serikali za kaunti pamoja na elimu ya chekechea. Jedwali hilo hilo liliacha sera ya elimu, viwango, mitaala na mitihani mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo kaunti huajiri wakufunzi kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, hujenga karakana na kununua vifaa, ilhali kinachofundishwa na namna kinavyopimwa huamuliwa Nairobi. Taasisi za kiufundi na vyuo anuwai vya kitaifa, ambavyo mara nyingine viko kilomita chache tu kutoka chuo cha kaunti, viko chini ya Wizara ya Elimu. Mkazi asiyejua mgawanyo huu hupeleka malalamiko ofisi isiyohusika, akaambiwa aende kwingine, akakata tamaa.

Mgawanyo huu si mbaya wenyewe, ila una gharama yake. Mtaala unapobadilishwa, vifaa vinavyohitajika hubadilika pia, na mwenye kuvilipia siye aliyeubadilisha. Bajeti ya kaunti hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai, nao mwaka wa masomo huanza Januari. Vifaa vilivyoidhinishwa katika bajeti ya Juni vinaweza kupitia zabuni, ukaguzi na malipo kabla ya kufika karakanani muhula wa pili wa mwaka unaofuata.

Mashine huzinduliwa, vijiti huisha

Kuna tofauti kati ya kifaa na malighafi, na tofauti hiyo ndiyo inayokwamisha vyuo vingi. Mashine ya kuchomelea hununuliwa mara moja, na mara nyingi huzinduliwa kwa sherehe. Vijiti vya kuchomelea huisha kila siku na hakuna anayewahi kuvikatia utepe. Mbao, misumari, gundi, simiti, nyaya za stima, soketi, kitambaa, dawa za nywele, petroli ya injini ya mazoezi: hivi vyote vinatumika na kuisha. Karakana yenye mashine sita mpya na isiyo na vyuma chakavu vya kuunganishia ni chumba cha maonyesho.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/2018 Serikali ya Kitaifa ilianza kutuma kwa kaunti ruzuku ya kugharamia mafunzo katika vyuo hivi, iliyokokotolewa kwa Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ukigawa kwa mihula mitatu ni Sh5,000. Kwa kulinganisha, karo iliyowekwa mwaka 2018 kwa vyuo vya kiufundi vilivyo chini ya Wizara ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka, ambapo Sh30,000 zililipwa na serikali na salio mwanafunzi angeweza kuliombea mkopo HELB. Ruzuku za masharti kwa kaunti huweza kuja na kuondoka kulingana na ugavi wa mapato wa kila mwaka, na chuo kilichozoea kununua malighafi kwa pesa hizo hujikuta kinategemea karo tu. Hapo mwalimu mkuu huwa na njia mbili: kupandisha karo na kupoteza wanafunzi, au kufundisha kwa ubao na chaki.

Wakufunzi wazoefu wana mbinu za kupunguza hasara. Wanafunzi wa uashi hujenga ukuta kwa mchanganyiko dhaifu wa chokaa na mchanga, mkufunzi akaukagua kwa timazi na pima maji, kisha wakaubomoa na kutumia matofali yale yale wiki inayofuata. Wanafunzi wa stima hufunga nyaya kwenye ubao, wakazifungua na kuzifunga tena mpaka waya uwe mfupi mno. Fundi wa gereji jirani anaweza kutoa injini iliyokufa. Mbinu hizi husaidia sana, lakini hazibebi kozi nzima. Anayesomea stima lazima siku moja aone nyaya zikiingia ndani ya ukuta wa kweli.

Kuzalisha bidhaa za kuuza ni njia nyingine inayotajwa mara kwa mara: chuo kutengeneza madawati ya chekechea, kushona sare, kukarabati magari. Inaleta pesa na inawapa wanafunzi kazi halisi yenye mteja na tarehe ya mwisho. Ina hatari yake, na ni vyema isemwe wazi. Kazi ya mteja inapokuwa na haraka, mkufunzi huwapa wale watatu walio hodari, na wale 15 wanaohitaji mazoezi zaidi wanashika ufagio na kupiga msasa. Chuo kinapata mapato na darasa linabaki nyuma. Dawa yake ni daftari la karakana linaloonyesha nani alifanya nini, wiki kwa wiki.

Mkufunzi ana mizigo miwili

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Anuwai ya mwaka 2013 iliunda mamlaka inayojulikana kama TVETA, ambayo kazi yake ni kusajili na kuidhinisha vyuo, vya umma na vya binafsi, na kuwapa wakufunzi leseni. Chuo kinachofundisha bila idhini kinavunja sheria.

Ugumu unatokea kwa sababu mkufunzi mzuri anatakiwa kuwa watu wawili kwa pamoja: fundi na mwalimu. Kuna fundi wa miaka 20 aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wake, asiye na cheti cha ualimu na asiyependa kuandika maandalio ya somo. Kuna pia kijana mwenye diploma safi ambaye hajawahi kulipwa na mteja hata mmoja kwa kazi ya mikono yake. Wa kwanza hukwama kwenye leseni na wa pili hukwama karakanani. Kaunti inapotangaza nafasi chache za kazi, karatasi ndizo huangaliwa kwanza, na wa pili ndiye huajiriwa. Kinachosaidia ni kuwatuma wenye karatasi kazini kwa wiki kadhaa kila mwaka, na kuwasomesha ualimu wale wenye ujuzi. Chuo cha wakufunzi wa kiufundi kilichoko Gigiri, Nairobi, kilichojulikana kwa miaka mingi kama KTTC, kimefanya kazi hii ya kuwafunza walimu wa ufundi kwa miongo mingi.

Teknolojia nayo haingoji. Mkufunzi wa umekanika aliyesoma wakati wa kabureta anakutana na magari yanayohitaji kompyuta kusoma hitilafu. Ikiwa chombo hicho kiko gereji ya mjini na hakiko chuoni, mwanafunzi atakiona kwa mara ya kwanza siku atakapoomba kazi.

Halafu kuna suala la mkataba. Mkufunzi anayelipwa kwa mkataba mfupi, au na bodi ya chuo kutoka kwa karo, huondoka pindi anapopata kibarua kinacholipa vizuri zaidi. Anaondoka katikati ya muhula, na darasa linaunganishwa na jingine.

Vyeti vingi, mlango mmoja

Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vya kaunti wamekuwa wakifanya mitihani ya mashirika tofauti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, limekuwa na mitihani yake. Tangu mafunzo ya umilisi yaanze, TVET CDACC huandaa mitaala na kutathmini ngazi zake. Mwaka 2014 sheria nyingine iliunda mfumo wa kitaifa wa kupanga sifa hizi kwa ngazi, chini ya KNQA, ili fundi aweze kupanda kutoka ngazi ya chini hadi cheti, diploma na hata zaidi bila kuanza upya. Kwa waliofanya KCSE, alama ya C- hufungua mlango wa diploma, yaani ngazi ya 6, D hufungua ngazi ya 5, na E hufungua ngazi ya 4. Wazazi wengi hawajui kwamba mwenye E ana ngazi ya kuanzia.

Kinachomhusu mkazi ni kwamba cheti kisichotambuliwa hufunga milango baadaye. Fundi wa stima anayetaka kutia nyaya kwenye nyumba za watu kihalali anahitaji leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, na leseni hiyo haipatikani kwa cheti cha chuo kisichosajiliwa. Miaka miwili ya karo inaweza kuishia kwenye karatasi ya rangi nzuri isiyokubaliwa na yeyote. Na kama fundi huyo ataendelea kufanya kazi bila leseni, hatari inahamia kwa mwenye nyumba: waya mwembamba uliobebeshwa mzigo wa jiko na birika huwaka ndani ya dari watu wakiwa wamelala.

 Katika mfumo wa umilisi, kwa kila stadi huamuliwa kama mwanafunzi amefuzu au bado hajafuzu, kwa kuangaliwa akifanya kazi na kwa kukusanya ushahidi wa kazi zake. Ni mfumo unaofaa ufundi kuliko karatasi ya maswali. Udhaifu wake ni kwamba tathmini kubwa hufanyika ndani ya chuo chenyewe, na chuo kina sababu ya kutaka kila mtu afuzu. Faili linaweza kujazwa picha na sahihi za kazi ambayo mwanafunzi aliitazama tu. Ndiyo maana mkaguzi kutoka nje ni muhimu, na ndiyo maana bodi ya chuo inafaa kushtuka, badala ya kupiga makofi, inapoambiwa kwamba kila mwanafunzi amefuzu kila kitu kwa mara ya kwanza.

Kwa mafundi wa jua kali ambao hawajawahi kukaa darasani, njia ipo pia. Majaribio ya NITA yamekuwa wazi kwao kwa muda mrefu, na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini sasa ni sehemu ya sera ya kitaifa.

Darasa limebadilika

Zamani chuo cha kijiji kilipokea waliomaliza KCPE na kukosa nafasi au karo ya sekondari. Sera ya mwaka 2018 ya kuhakikisha kila mtoto anavuka kwenda sekondari ilipunguza kundi hilo, na mtihani wenyewe wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Leo katika benchi moja la useremala huketi kijana wa kidato cha nne mwenye D, mwenzake aliyeacha shule darasa la saba, mama wa mtoto mchanga, na mtu wa miaka 35 aliyechoka na vibarua. Mmoja anasoma michoro na vipimo bila shida. Mwingine hawezi kugawa sentimita 120 kwa nne. Mkufunzi mmoja akienda na mwendo wa wa kwanza, wa pili anaacha chuo kabla ya muhula kwisha na hakuna anayeuliza aliko. Saa tatu kwa wiki za hesabu na kusoma, zilizofungwa na kazi ya karakanani, huweza kuwaokoa wengi. Kwa kina mama wachanga, mara nyingi kinachoamua ni kama kuna mahali pa kumwacha mtoto.

Sifa mbaya ya kuwa chuo cha walioanguka nayo ina bei. Idadi ikishuka, gharama kwa kila mwanafunzi hupanda, kozi hufungwa, na zile zinazobaki ni zile ambazo ni rahisi kuendesha, wala si lazima ziwe zile zinazohitajika sokoni. Mji mmoja unaweza kuwa na wahitimu wa ususi kuliko vichwa vya kusuka, huku wenye nyumba wakimngoja fundi wa mabomba kwa wiki nzima.

Kazini ndiko kwenye mtihani wa mwisho

Mafunzo ya nyanjani, yaani kipindi ambacho mwanafunzi hupelekwa kwa mwajiri, ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Mwanafunzi huambiwa ajitafutie mahali. Akipata, mkufunzi hana nauli ya kumtembelea. Akikosa, mjomba mwenye duka hugonga muhuri kwenye fomu. Wenye gereji, karakana na hoteli wana nafasi kubwa hapa. Waajiri hulipa NITA tozo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi hulipa na hawaombi.

Jambo la mwisho halihitaji pesa nyingi: kuwafuatilia waliohitimu. Ripoti za vyuo hutaja idadi ya waliosajiliwa na majengo yaliyokamilika kwa sababu hivyo ndivyo rahisi kuhesabu. Kumpigia simu kila mhitimu baada ya miezi sita na kuuliza anafanya kazi gani, kwa kiasi gani, na ni kitu gani hakufunzwa, ni kazi ya karani mmoja kwa wiki mbili. Majibu yake yangeonyesha kozi ipi ya kupanua na ipi ya kufunga.

Kabla ya kulipa karo

Mzazi ana haki ya kutembelea karakana siku ya kazi, si siku ya wageni. Ahesabu mashine zinazofanya kazi na wanafunzi walio kwenye kozi, kisha apige hesabu iliyofanywa hapo juu. Aulize cheti cha usajili cha TVETA kiko wapi na kinataja kozi zipi, kwa maana chuo kinaweza kuwa kimeidhinishwa kwa kozi tatu na kutangaza kumi. Majina ya vyuo vilivyoidhinishwa yako kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Aulize ni shirika gani litatathmini na ada yake ni nani atalipa, kwa sababu wengi hugundua ada hiyo mwishoni, wakakosa mtihani baada ya kumaliza kozi nzima. Mkufunzi akiulizwa kuhusu leseni yake hapaswi kukasirika.

Kuhusu vyuo vya kaunti, swali la malighafi linaulizwa pia kwenye bajeti, na bajeti ina kalenda ya kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30, ili yapitishwe kabla ya Juni 30. Wananchi hualikwa kutoa maoni katika hatua hizi, na maoni yanaweza pia kuandikwa na kupelekwa kwa msimamizi wa wadi au karani wa Bunge la Kaunti. Katika kikao, ombi la jengo jipya husikika haraka. Anayetaka vijiti, mbao na vitambaa ataje chuo kwa jina, kozi, idadi ya wanafunzi na kiasi kinachotumika kwa muhula, na aombe kiwekwe kwenye mstari wake peke yake katika makadirio, mahali ambapo mwaka ujao kitaweza kukaguliwa kama kilinunuliwa.